Mkoa ukiwa na wagonjwa wachache wa saratani ya utumbo mpana, msishangilie kwanza

Kila zikitolewa takwimu za saratani, swali la kwanza la watu ni mkoa gani unaongoza, afu mikoa kama Kigoma na Tabora ikionekana huko chini kwenye saratani ya utumbo mpana, maelezo yanakuja haraka sana, eti huku tunakula maharage na ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, hatuna mambo ya soseji, ndo maana tuko salama. Mimi ni daktari wa upasuaji niko Kigoma, matumbo ndo kazi yangu ya kila siku, na hii hesabu inaniumiza kwa sababu naona watu wanaopotea ndani yake. Idadi ya waliolazwa inabeba mambo mengi kwa pamoja: barabara, mashine, nauli, mwandiko wa rejista, na ugonjwa wenyewe ukiwa kimoja tu kati ya hayo.

Chukua mgonjwa wa kawaida kabisa wa huku. Tuseme ni mzee wa Kakonko, hamsini na kitu, miezi kadhaa anatoka damu akienda chooni. Anaambiwa ni bawasiri, ananunua dawa ya mitishamba stendi. Haiponi, anaenda zahanati anapewa flajili maana huku damu kwenye choo kitu cha kwanza kufikiriwa ni amiba, na angekuwa mvuvi wa ziwani angepewa na dawa ya kichocho, na wala siwalaumu wenzangu wa zahanati, kichocho cha tumbo kipo kweli Ziwa Tanganyika na kinaleta damu vile vile. Anakaa hivyo hivyo, anapungua, nguo zinampwaya. Siku tumbo linajaa, hapati choo, hata ushuzi hautoki, anaanza kutapika, ndo ndugu wanachanga hela wanamleta usiku. Tunamfungua tumbo tunakuta uvimbe umeziba utumbo mpana upande wa kushoto. Tunatokeza mdomo wa utumbo nje kwenye ngozi ya tumbo, anawekewa mfuko wa choo, tunakata kinyama kidogo kinatumbukizwa kwenye kichupa cha formalini kinaenda kupimwa.

Sasa angalia kilichoandikwa kwenye rejista ya wodi. Siku ya kulazwa tulijua kitu kimoja tu, kwamba utumbo umeziba, kwa hiyo msimbo wa ugonjwa unaoandikwa ni K56, yaani kuziba kwa utumbo, kundi ambalo ndani yake wamo pia wale ambao utumbo umejisokota tu, na hao huku ni wengi. Majibu ya kinyama yanarudi mgonjwa kashapewa ruhusa kitambo. Nani anarudi nyuma kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za huduma za afya, kufuta K56 aweke C18, ambayo ndo saratani ya utumbo mpana? Mara nyingi hakuna. Mzee anapewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kule analazwa kwa C18, akiulizwa anakaa wapi mwanae anajibu Igoma, pale pale Mwanza, maana ndo wamefikia huko. Basi. Mgonjwa ni mmoja, Kigoma kwenye saratani imeandika sifuri, Mwanza imeandika moja.

Na haishii moja. Kemo, yaani dawa za saratani, ya huu ugonjwa inatolewa kwa mizunguko, kuna mpango wa kila wiki 2 mara 12 na kuna wa kila wiki 3 mara 8, yote miwili ni kama miezi 6. Hospitali inayomlaza mgonjwa kila mzunguko itamhesabu mara 8 au 12 kama mtu hatofautishi kulazwa na mgonjwa, na hospitali inayotoa kemo ya kutwa, anakuja asubuhi anaondoka jioni, inaweza isimhesabu kabisa kwenye waliolazwa. Ukichora ramani hapo, rangi nyekundu itakaa penye huduma. Ndo maana kwa miaka mingi, wakati tiba ya mionzi ilikuwa inapatikana hospitali ya saratani ya Ocean Road tu pale Dar, mtu angeweza kuangalia vitabu vyao akadhani saratani ni ugonjwa wa watu wa pwani. Tabora nako hivyo hivyo, wagonjwa wao wanatawanyika, wengine Kitete, wengine Nkinga kule Igunga ambako hata watu wa mikoa jirani wanaenda, wengine wanapanda treni moja kwa moja Dar, kwa hiyo ukiangalia hospitali moja peke yake hupati picha ya mkoa.

Kuna mtu watu wanapenda kumtaja kwenye hili, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini, wiki 10, hospitali zaidi ya 50, wakiuliza kama wanaona watoto wenye uvimbe wa taya, aina ya saratani, na ramani ikatoka safi kabisa, ugonjwa unafuata maeneo ya joto na mvua, kule kwenye malaria. Baadaye, mwaka 1971, huyo huyo Burkitt akaandika kwamba Waafrika hawapati sana saratani ya utumbo mpana kwa sababu wanakula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Namheshimu sana, na hoja ya nyuzinyuzi imeendelea kupata nguvu. Lakini taya la mtoto likivimba kijiji kizima kinaliona. Uvimbe ulio ndani ya tumbo la mzee unahitaji kolonoskopi, yaani kamera ya kuingia utumbo mpana, unahitaji mtu wa patholojia wa kuangalia kinyama kwa darubini, na pasipokuwa na hivyo viwili daktari atajibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba hajauona.

Sisemi tunalingana na Ulaya. Duniani mwaka 2022 walikadiriwa wagonjwa wapya kama milioni 1.9 na vifo kama 900,000, na viwango vya juu viko Ulaya, Australia, New Zealand na Amerika Kaskazini, Afrika iko chini kweli hata ukirekebisha umri. Umri ni lazima urekebishwe, maana karibu nusu ya Watanzania wako chini ya miaka 18 na huu ugonjwa unapenda watu wazima, kwa hiyo hata kulinganisha Kigoma na Kilimanjaro yenye wazee wengi bila kurekebisha ni kuwaonea wote wawili. Ila kuwa chini hakumaanishi kutulia. Rejista ya saratani ya Kampala ilianza miaka ya 1950, inafuata watu wa eneo lake badala ya kusubiri vitanda vijae, na imeonyesha ugonjwa huu ukipanda kadiri miaka inavyokwenda.

Hata Marekani yenye kumbukumbu za kila kitu ina maeneo yake, bonde la chini la mto Mississippi na milima ya Appalachia, ambako vifo vya saratani hii vimebaki juu wakati kwingine vinashuka, na kupima watu mapema ni sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Polipu, yaani kinyama kinachoota ndani ya utumbo, inachukua kama miaka 10 au zaidi mpaka kuwa saratani, ukiitoa mapema umeuzuia ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniletea jedwali la waliolazwa, mimi namuuliza: hawa ni watu au ni vitanda? Wilaya ya nyumbani imeandikwa, Kibondo, Uvinza, Buhigwe, au ni anwani ya ndugu wa mjini? Na namuuliza hasa wangapi wamekuja kwa dharura tumbo limeshaziba. Hiyo ya mwisho kwangu ina thamani kuliko jumla yenyewe, maana mkoa wenye wagonjwa wachache lakini karibu wote wamekuja wameziba, una wengine vijijini ambao hawajafika.

Wakati tunasubiri mashine zifike, kuna kipimo kiko kila zahanati: glovu, mafuta ya kulainisha na kidole. Saratani nyingi za sehemu ya chini ya rektamu, yaani mwisho wa utumbo mpana karibu na njia ya haja kubwa, zinagusika kwa kidole. Najua aibu ipo, mzee wa Kasulu kumvulia suruali dokta kijana wa umri wa mjukuu wake sio jambo jepesi, mweleze kwa heshima, funga pazia, mwite mhudumu wa kiume kama anapenda hivyo. Na wewe unayesoma, kama unatoka damu, umeshatibiwa amiba au bawasiri na wiki tatu baadaye bado inatoka, rudi, mwambie dokta hujapimwa kwa kidole na unaomba upimwe.