Base64 siyo kufuli

Wauza skripti za PHP (lugha ya kutengenezea tovuti) wengi bado wanaamini ukishapitisha kodi yako (yaani code, maandishi ya programu, siyo ya nyumba jamani) kwenye base64 basi hakuna atakayeisoma. Siyo kweli. Base64 ni namna tu ya kuandika data kwa alama 64, haina ufunguo wala siri yoyote, mtu anabadilisha eval (amri ya kuendesha kodi) kuwa echo (amri ya kuonyesha maandishi) na kila kitu kinamwagika kwenye skrini. ionCube, programu ya kuficha kodi ya PHP, ni ngumu zaidi, inageuza kodi kuwa baitikodi (maagizo ambayo mtu hayasomi kirahisi) na seva lazima iwe na loda yake (programu ya kuifungua), ila hata hiyo ili ifanye kazi lazima ifunguke kwenye memori ya mashine ya mteja, na mashine ni yake. Mimi sehemu nyeti naiacha kwenye seva yangu, mteja anapata majibu tu.