Kwa Nini Asali za Manuka Hazilingani Nguvu

Chukua chupa mbili za asali ya manuka kutoka rafu moja ya duka la dawa. Zote zimetoka Nyuzilandi na zote zimeandikwa jina la mti uleule. Moja ina alama ya UMF 5+, nyingine UMF 20+ (UMF ni daraja la ubora na nguvu ya asali ya manuka), na bei ya hiyo ya pili inawafanya wengi wairudishe mahali pake kimyakimya. Wanaotuuliza hudhani tofauti hiyo ni maneno ya wafanyabiashara tu. Kipimo kipo, na kinapatikana maabara: ile ya kwanza inatakiwa iwe na angalau miligramu 83 za methiliglioksali, kemikali inayoua bakteria, katika kila kilo ya asali, na ya pili angalau miligramu 829. Mti ni mmoja, nyuki ni wa jamii moja, lakini kiasi cha kemikali hiyo kimezidi karibu mara kumi. Ili kuelewa kwa nini, inabidi tutoke dukani twende porini.

Kwanza tujue nguvu yenyewe ni ipi. Asali yoyote halisi hupambana na vijidudu. Ina sukari nyingi inayofyonza maji, ina tindikali, na ina kimeng'enya cha glukosi oksidesi ambacho nyuki hukiongeza kutoka mwilini mwake. Asali ikichanganyika na majimaji, kimeng'enya hicho hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, na hiyo huua bakteria. Udhaifu wake ni kwamba mwili wetu una kimeng'enya kingine, katalesi, kinachoivunja peroksaidi hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanabiokemia Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato, Nyuzilandi, aligundua kuwa asali ya manuka ikitiwa katalesi ya kutosha kuondoa peroksaidi yote, bado inaua bakteria. Kitu hicho cha ziada kilikaa bila kutambuliwa kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2008 kundi la Thomas Henle la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, Ujerumani, lilichapisha jibu: ni methiliglioksali, ile inayofupishwa MGO kwenye lebo, na katika asali ya manuka inaweza kufikia mara 100 ya ile iliyomo katika asali za kawaida. Mwaka huohuo watafiti wa Waikato nao wakathibitisha.

Hapo ndipo mambo yanaponoga kwa sisi tunaofuatilia asali tangu kwenye ua. Mwaka 2009 ilibainika kwamba mbochi wa manuka, yaani maji matamu ya ua, hauna MGO. Una kitu kingine, dihidroksiasetoni, kwa kifupi DHA. Nyuki anabeba DHA pamoja na sukari, anaviweka kwenye sega, na humo DHA inageuka taratibu kuwa MGO bila msaada wa kimeng'enya chochote. Kwa hiyo ua likitoa DHA kidogo, hakuna ufundi halali wa mfugaji utakaoipa asali nguvu baadaye.

Manuka ni mti wa namna gani basi? Kitaalamu unaitwa Leptospermum scoparium, na mbali na Nyuzilandi huota pia kusini mashariki mwa Australia. Ni kichaka au mti mdogo wa majani membamba na maua madogo meupe, wakati mwingine ya waridi. Haubagui ardhi. Utaukuta kwenye vinamasi, kwenye miteremko mikali, kwenye udongo wenye tindikali usio na rutuba, na ndio unaotangulia kurudi pale msitu ulipoungua au malisho yalipotelekezwa. Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, walitumia majani na magome yake kama dawa vizazi vingi kabla ya asali yake kuwepo, maana nyuki wa asali hawakuwepo visiwani humo hadi mwaka 1839, Mary Bumby alipofika Hokianga na mizinga miwili. Wakulima walowezi waliuona mti huu kama magugu. Katika miaka ya 1940 na 1950 wengine walifikia kusambaza kwa makusudi wadudu wanaouua ili wapate malisho ya kondoo. Nikifikiria thamani ya asali hiyo leo, habari hii hunisikitisha kila ninapoisimulia.

Sasa, mtu akiniuliza mazingira yana nguvu kiasi gani juu ya DHA, namjibu kwamba lazima kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: mahali mti ulipo, na nasaba ya mti wenyewe. Manuka ya kaskazini, katika eneo la Northland, si sawa na manuka ya kusini. Mafuta yanayokamuliwa kutoka majani ya manuka ya East Cape, pembe ya mashariki ya Kisiwa cha Kaskazini, yana triketoni, kemikali zinazoua vijidudu, nyingi kupita ya maeneo mengine mengi. Tofauti za namna hii haziletwi na udongo peke yake. Mti umezirithi, na ukiuhamisha unakwenda nazo. Hata DHA iko hivyo kwa kiasi kikubwa. Watafiti waliopima mbochi wa mti mmoja mmoja walikuta miti iliyosimama jirani, inayonyeshewa mvua moja, ikipishana sana kwa DHA. Ndiyo maana wanaopanda mashamba ya manuka leo wanahangaika kwanza na mbegu, wakichagua aina zilizothibitika kutoa DHA nyingi.

Lakini nasaba haimalizi hadithi. Mti uleule, ukipimwa mwaka huu na mwaka ujao, unaweza kutoa viwango tofauti vya DHA. Umri wa ua una sehemu yake, kwa kuwa mbochi wa ua lililofunguka leo haufanani na wa ua lililokaa siku kadhaa. Halafu kuna mwanga. Tezi ya mbochi katika ua la manuka ina rangi ya kijani, na utafiti uliotoka Waikato mwaka 2021 ulionyesha kuwa tezi hiyo hujitengenezea sehemu ya sukari yake papo hapo kwa mwanga wa jua, kama jani linavyofanya. Ua likipata mwanga zaidi, sukari ya mbochi inaongezeka. Joto nalo hubadilisha kiasi cha sukari. Zingatia hapo: nguvu ya asali itategemea uwiano wa DHA na sukari. Sukari ikipanda peke yake, nyuki wanashiba, mfugaji anajaza ndoo, na nguvu ya kila kijiko inaweza kupungua.

Kwa udongo nataka tuwe waangalifu, kwa sababu hapa ndipo matangazo hupenda kupiga chuku. Udongo wenye rutuba na unyevu unaotosha huukuza mti, huongeza maua na hivyo mbochi kwa eka. Hayo ni mavuno. Hayamaanishi kwamba kila tone limebeba DHA nyingi zaidi. Chupa inayojisifu kuwa nguvu yake inatokana na udongo wa volkano, bila kukupa kipimo chochote, inakuuzia mandhari.

Kwa maoni yangu, kinachoshusha nguvu ya asali nyingi za manuka ni majirani wa mti. Kila mahali manuka huchanua kwa majuma machache tu, kuanzia Septemba katika sehemu za joto za kaskazini hadi Januari au Februari kusini na milimani. Katika majuma hayo mvua na baridi vikiwafungia nyuki mzingani, nafasi imepita. Jua likirudi, nyuki haulizi bei ya asali. Anafuata ua lililopo: klova ya malishoni au kanuka, mti unaofanana sana na manuka lakini mbochi wake hauna DHA ya namna ile. Nyuki huweza kwenda kilomita 3 au zaidi kutafuta chakula, kwa hiyo mfugaji hawezi kumpangia. Anachoweza ni kuupeleka mzinga mahali ambapo pande zote ni manuka, na ndiyo sababu wengine hukodi helikopta kupeleka mizinga kwenye vilima visivyo na barabara. Mzinga uliowekwa pembeni mwa malisho utatoa asali nzuri ya kula, yenye MGO iliyozimuliwa na maua mengine.

Serikali ya Nyuzilandi iliona ugumu huu, na mwaka 2018 ikaanza kutumia kanuni kwa asali inayosafirishwa nje: kuitwa manuka lazima ipite vipimo vya kemikali 4 na kipimo kimoja cha DNA ya mmea. Kanuni hiyo inatenganisha manuka ya ua moja na iliyochanganyika. Lakini inathibitisha asili, si nguvu. Nguvu unaisoma kwenye MGO au UMF, na UMF hupima pia leptosperini, kitu cha asili cha manuka ambacho ni vigumu kukighushi.

Baada ya asali kurinwa, mazingira yanaendelea na kazi. Asali mbichi ya manuka ina DHA nyingi na MGO kidogo, na ikitunzwa kwa miezi MGO hupanda huku DHA ikishuka. Wafugaji wenye subira huisubiri ipevuke. Mwenye haraka anaipasha moto, na moto huzalisha HMF, kemikali inayoonyesha kuwa asali imezeeka au imeunguzwa. Kanuni za kimataifa za chakula za Codex zinaruhusu hadi miligramu 40 za HMF kwa kilo, na 80 kwa asali inayotoka nchi za joto kama zetu.

Je, nguvu hii inatibu nini? Ushahidi ulio thabiti uko kwenye ngozi. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 26, yalionyesha kuwa majeraha ya moto yasiyozama sana hupona haraka zaidi kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida. Asali zilizotumika humo hazikuwa zote za manuka. Kwa vidonda vya miguu vinavyotokana na mishipa ya vena, faida haikuonekana. Pia asali inayotumika hospitalini imetakaswa kwa mionzi ya gama na kutengenezwa kwa ajili ya vidonda. Ya jikoni haijapita huko, hata kama namba yake ni kubwa. Mwenye kisukari aliye na kidonda mguuni aende kituo cha afya siku hiyohiyo, asianze na chupa ya dukani. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli.

Asali yetu ya miombo ya Tabora, au ya Kitui na Baringo, haina sababu ya kuionea haya manuka. Nguvu yake kubwa iko kwenye peroksaidi, na ile glukosi oksidesi inayoitengeneza huharibiwa na joto na mwanga. Anayeichemsha asali ili ichujike upesi anaiua nguvu hiyo kwa mkono wake, na anayeipanga kwenye chupa angavu kando ya barabara, juani kutwa nzima, anafanya vilevile polepole. Manuka iliyosafiri hadi Dar es Salaam au Mombasa nayo, ikikaa kwenye stoo yenye joto la mabati, HMF yake inazidi kupanda, na baada ya kufika kilele MGO huanza kushuka. Namba iliyo kwenye lebo ilipimwa kabla ya safari hiyo. Ukifika dukani, chukua chupa ya nyuma iliyokaa kivulini, angalia tarehe, na nyumbani iweke kabatini mbali na jiko.