Reli ya viwandani ya mjini: maana yake katika ufundi wa reli za mfano

Anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba mtu mzima amejenga reli ya mfano sebuleni kwake hudhani ni treni ndogo inayozunguka meza bila kukoma, ikipita darajani, ikiingia handakini na kurudi ilikotoka. Reli ya viwandani ya mjini ni kitu kingine. Treni yake haina safari ya kujivunia, kwa sababu kinachoigwa ni kazi ya kichwa kimoja cha treni kinachosogeza mabehewa machache kati ya yadi, maghala na viwanda, kikiacha behewa hili mlangoni pa kinu, kikichukua lile tupu, kisha kikirudi nyuma ili kupata nafasi ya kulishughulikia la tatu. Kazi hiyo ya kupanga na kupangua mabehewa, yaani shantingi, ndiyo kiini cha dhana yote, na kila behewa hapo lina mlango wake maalumu linakotakiwa kufika.

Mifano ipo Uganda kwetu. Jinja ilikuwa na kiwanda cha kuyeyushia shaba, na baada ya reli kufika Kasese mwaka 1956, shaba ya migodi ya Kilembe ilisafirishwa kwa treni kuvuka karibu nchi nzima hadi kiwandani hapo. Atakayeiga safari hiyo nzima atahitaji ukumbi. Atakayeiga dakika za mwisho tu, mabehewa yanapokatwa kutoka kwenye treni na kusukumwa mpaka yanapopakuliwa, atahitaji rafu ya ukutani. Njia ya Kampala hadi Port Bell, Luzira, ina takriban kilomita 9 tu, lakini hata hiyo, ikipunguzwa kwa kipimo cha 1:87 kinachotumika sana duniani, ingechukua zaidi ya mita 100. Ndiyo maana mjenzi hateui njia bali huteua milango: ghala moja, kinu kimoja, ukuta wa kiwanda kimoja, na kati yao reli fupi kadiri kazi inavyoruhusu.

Katika kipimo hicho reli ya kawaida ya mfano huwa na upana wa milimita 16.5, ambao unaiga ile ya milimita 1,435. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, kwa hiyo anayetaka kuwa mwaminifu hutumia ya milimita 12. Wengi hawajali, nami siwalaumu, maana mabehewa ya reli pana hupatikana kwa urahisi zaidi.

Jambo linalohitaji kueleweka vizuri zaidi ni mwelekeo wa reli za pembeni. Tuseme treni imetoka yadini, kichwa kikiwa mbele na mabehewa matatu yakifuata. Ikiwa reli ya kiwanda imechepuka kuelekea kule treni ilikotoka, kazi ni rahisi: kichwa huvuka pointi, yaani mahali reli inapogawanyika kuwa mbili, pamoja na mabehewa yake, husimama, pointi hugeuzwa, kisha mabehewa husukumwa kinyumenyume na la mwisho huachwa mlangoni. Lakini ikiwa reli ya kiwanda kinachofuata imechepuka kuelekea mbele, kichwa kitatangulia chenyewe kuingia mpaka kwenye kizuizi cha mwisho, na behewa kinalotaka kuliacha litakuwa limeziba njia yake ya kutokea. Dawa yake ni njia ya kupishana, yaani reli mbili sambamba zilizounganishwa kwa pointi kila upande, ambapo kichwa huyaacha mabehewa kwenye reli moja, hupita kwenye ya pili na kuyashika kwa nyuma. Urefu wa njia hiyo ndio unaotawala mchezo mzima: ikitosha mabehewa mawili, treni ya mabehewa matatu italazimika kukatwa, na mtu ataanza kufikiri kama mfanyakazi wa yadi.

Hata reli rahisi huwa na fitina zake. Kinuni yamesimama mabehewa mawili. La ndani ni tupu na linatakiwa kuondoka, la nje bado lina nusu ya magunia ya ngano. Kichwa hakina budi kuyatoa yote mawili, kuliweka lile tupu kando, na kulirudisha la magunia mlango ule ule, kabla hata ya kuligusa behewa jipya lililoletwa. Wapakuaji, kama wangekuwa hai, wangekuwa wamekaa chini wakinung'unika.

Mwingereza Alan Wright alikifupisha kitendawili hiki katika mpangilio unaoitwa Inglenook: reli tatu, moja yenye nafasi ya mabehewa matano na mbili zenye nafasi ya mabehewa matatu kila moja, na pointi mbili tu. Mabehewa ni manane. Unachagua matano kwa kura, kisha unayaunga kwa mfuatano uleule yalivyotokea. Mifuatano inayowezekana ni 6,720, na yote hukaa juu ya ubao mmoja mfupi. Ubao wangu wa kwanza haukuwa na busara hiyo. Nilijaza reli saba za pembeni kwa tamaa ya wateja wengi, nikaweka behewa kila nafasi, na hapakubaki pa kusogezea hata moja. Nafasi tupu, niligundua baada ya kung'oa reli nne, ni sehemu ya mtambo.

Limebaki swali la mabehewa yanakotoka. Huko Brooklyn, New York, reli za bandarini kama Bush Terminal na Brooklyn Eastern District Terminal zilipokea mabehewa kwa matishari yaliyovuka maji, na wajenzi wengi wa Marekani huziiga kwa sababu hiyo hiyo. Port Bell ina hadithi ya namna hiyo, maana MV Kaawa na MV Pamba ni meli zenye reli ndani yake, zilizojengwa kubeba mabehewa kati ya Luzira na bandari za Mwanza na Kisumu. Kwa mjenzi, meli ni kipande cha ubao chenye reli, kinachosogezwa mpaka kwenye gati na kulinganishwa kwa pini mbili. Mabehewa yaliyopakuliwa husukumwa juu yake moja baada ya jingine, pini huchomolewa, ubao hubebwa kwa mikono miwili mpaka kwenye kabati, na ziwa lote limo katika hatua hizo nne au tano za sebuleni.