Mihadhara ya Collège de France: darasa lisilo na mtihani

Nafundisha historia ya Ulaya, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniuliza kama mihadhara ya wazi ya vyuo vikuu ina uzito wowote, maana haina mtihani wala cheti. Wengi huiona kuwa ni somo lililopunguzwa makali ili kila mtu alielewe. Mimi naamini kinyume chake, na ushahidi wangu ni chuo kimoja cha Paris, Collège de France.

Mfalme François I alikianzisha mwaka 1530, akishawishiwa na msomi Guillaume Budé. Chuo kikuu cha Paris wakati huo kilitawaliwa na Kilatini na teolojia. Budé alitaka Kigiriki na Kiebrania vifundishwe pia, na walimu wake walipwe na mfalme mwenyewe ili wasiwe chini ya chuo kikuu. Mpaka leo hakuna kujiandikisha, hakuna ada, hakuna shahada. Anayewahi ndiye anayepata kiti. Profesa naye hatarajiwi kurudia somo la mwaka jana; anatakiwa afundishe utafiti ambao bado anaufanya.

Kwa mwanahistoria, hilo ni jaribio zito. Mwanafunzi wa kawaida huvumilia kwa sababu anahitaji alama. Msikilizaji wa pale anaweza kuinuka akaenda zake wakati wowote. Mstaafu, karani, mkimbizi na mtaalamu mwenzako wamekaa ukumbi mmoja, na hoja yako lazima iwashike wote.

Karne ya 19 inaonyesha nguvu ya jambo hili kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 1840 Adam Mickiewicz, mshairi wa Poland aliyekuwa uhamishoni, alipewa kiti, yaani nafasi ya uprofesa, cha fasihi ya Kislavoni (ya lugha za jamii ya Kipolandi na Kirusi). Nchi yake ilikuwa imegawanywa na madola jirani na haikuwepo kwenye ramani, lakini ukumbini mwake ilizungumzwa kama taifa hai. Mwandishi George Sand na mtunzi wa muziki Chopin walikuwa miongoni mwa waliokwenda kumsikiliza. Mwaka 1844 serikali ilimnyamazisha. Mwenzake Jules Michelet, mwanahistoria wa Ufaransa, alifundisha kwamba historia ya nchi ni ya umma kabla ya kuwa ya wafalme. Januari 1848 somo lake lilisimamishwa na wanafunzi wakaandamana. Mwezi uliofuata mapinduzi yakamwondoa Mfalme Louis-Philippe, na Michelet akarudi ukumbini. Hakudumu: alisimamishwa tena mwaka 1851 na kufukuzwa mwaka 1852, chini ya Louis-Napoléon, rais aliyejifanya kaizari baadaye.

Kisha akaja Ernest Renan, mtaalamu wa Kiebrania. Mwaka 1862, katika mhadhara wake wa uzinduzi, alimwita Yesu mtu asiye na kifani. Neno lililowasha moto ni "mtu", kana kwamba Yesu si Mungu. Siku chache baadaye somo likafungwa, na kiti chake hakukirudia mpaka 1870, utawala wa Louis-Napoléon ulipoanguka.

Serikali haijisumbui kufunga kitu kisicho na uzito. Vitabu vya watu hawa vilisomwa, lakini ukumbi ulikuwa na kitu cha ziada: mamia ya watu wasiofahamiana wanasikia hoja moja kwa wakati mmoja, na wanatoka mlangoni wakiijadili.

Ukumbi wa namna hii una udhaifu wake pia. Mwanafalsafa Michel Foucault, aliyefundisha pale tangu miaka ya 1970 mwanzoni hadi 1984, alisikitika kwamba umati ulikuwa mkubwa mno kiasi cha kukosa mjadala. Aliwahi kusogeza kipindi hadi asubuhi mapema ili wapungue. Watu waliweka vinasa sauti mezani pake, na kaseti hizo zimesaidia sana kuifanya mihadhara ile kuwa vitabu.

Desemba 2015, mwezi mmoja baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Paris, mwanahistoria Patrick Boucheron alizindua kiti chake kwa kuuliza historia inaweza nini wakati kama huo. Mwaka uliofuata mwandishi Alain Mabanckou, mzaliwa wa Kongo-Brazzaville, alisimama hapo kuzungumzia fasihi ya Waafrika, na mwaka 2019 mwanahistoria François-Xavier Fauvelle akakalia kiti cha kudumu cha historia ya Afrika. Karibu karne tano zilipita kabla ya kiti hicho kuwepo, nami naona ni kuchelewa kusikosameheka.

Rekodi nyingi ziko kwenye tovuti ya chuo, bure, kwa Kifaransa. Anayetaka kuanza, namshauri aanze na mhadhara wa uzinduzi wa profesa yeyote: hapo ndipo mtaalamu hulazimika kusema waziwazi anatafuta nini na kwa nini.