Je, Mbeya inajazwa na wageni wa mpakani?

Panda daladala ya Mwanjelwa foleni ikikolea, hukosi kusikia: "Wamalawi na Wazambia wametujaa." Kasumulu, mpakani na Malawi, na Tunduma, mpakani na Zambia, haziko mbali, kwa hiyo maneno yanaingia akilini. Takwimu zinasema vingine.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,707,410 mkoani Mbeya. Ya 2022, 2,343,754. Tumepungua? Hapana, mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kuondoka na watu wake, pamoja na Tunduma yenyewe. Ukiwarudisha watu wake wa 2022 (1,344,687) unapata 3,688,441, ongezeko la kama asilimia 36. Nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37 hivi, kutoka milioni 44.9 hadi 61.7. Kama mpaka ndio ungekuwa unatujaza, tungeizidi nchi kwa mbali. Tumebaki nyuma kidogo. Kinachojaza ni leba, wastani wa watoto karibu watano kwa mwanamke nchini, na vijana wanaoteremka kutoka Rungwe na Ileje kutafuta maisha mjini.

Halafu hiyo lafudhi mnayoishuku kuwa ya kigeni: Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Malawi ni ndugu, waliotenganishwa na mto Songwe uliofanywa mpaka na wakoloni. Lafudhi si pasipoti.