Weupe wa White House ulitangulia moto

Wengi husimulia kwamba Ikulu ya Marekani ilipakwa rangi nyeupe ili kuficha masizi, baada ya askari wa Uingereza kuichoma moto Agosti 1814. Kisa kitamu, ila tarehe zinakikataa. Kuta zake ni za mawe ya mchanga kutoka Virginia: rahisi kuchonga, lakini hunyonya maji, na maji hayo yakiganda wakati wa baridi jiwe hupasuka. Kwa hiyo mafundi walizipaka chokaa mwaka 1798, miaka miwili kabla Rais John Adams hajahamia humo. Hata jina White House lilikuwa vinywani mwa watu kabla ya moto. Rais Theodore Roosevelt alilirasimisha tu mwaka 1901. Ujenzi mpya baada ya moto ulisimamiwa na James Hoban, msanifu yuleyule wa mwanzo.