Kufunga kwa saa ili kupunguza uzito: ukitetemeka, fungua

Kufunga kwa saa ni kupi?
Ni kubana milo ya siku ndani ya saa chache. Wengi hufuata 16 kwa 8: ukimaliza kula saa mbili usiku, huli tena hadi saa sita mchana. Maji, kahawa chungu na chai ya mkandaa isiyo na sukari vinaruhusiwa. Chai ya maziwa ni chakula.

Kunapunguza uzito kweli?
Kunapunguza, ikiwa chakula chenyewe kimepungua. Huko Guangzhou, Uchina, watu 139 wenye unene walipunguziwa chakula kwa miezi 12, kundi moja likiruhusiwa kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakuonyesha tofauti ya maana ya uzito kati ya makundi hayo mawili. Basi anayeshinda njaa hadi adhuhuri, kisha akala mbaazi kwa mahamri manne, alasiri viazi karai na soda, usiku biriani, asiilaumu mizani. Nusu ya sahani iwe mboga, robo samaki au maharagwe, robo wali au sima.

Nikitetemeka na kutokwa na jasho, si ndiyo mafuta yanayeyuka?
Hapana. Mafuta yakipungua hayamtetemeshi mtu. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuona ukungu na kuongea ovyo ni dalili za sukari kushuka, hasa kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi. Hapa Mombasa kila jasho husingiziwa joto. Jasho hili hutoka hata umekaa chini ya pangaboi, na ngozi huwa baridi. Anayemeza atenololi ya presha huenda asitetemeke wala asihisi moyo ukienda mbio. Jasho ndilo litakalomwambia.

Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, sukari imeshuka. Huna kipimo? Usikingoje. Fungua.

Lakini zimebaki dakika 40 tu.
Fungua. Hata zikibaki 10, fungua. Ubongo unategemea sukari ya damu kila dakika, na ikizidi kushuka, akili ya kuamua ule ndiyo inayopotea kwanza. Tunaoletewa hospitalini wamezimia ni wale waliojikaza.

Nile nini?
Sukari vijiko vidogo 4 kwenye nusu glasi ya maji, au nusu ya soda ya kawaida ya mililita 300. Soda isiyo na sukari haifai. Madafu yana sukari kidogo mno. Usikimbilie hamri: mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Ngoja dakika 15, pima tena. Ikiwa bado, rudia. Ikishapanda, kula mlo wenye wanga.

Nikipata nafuu, niendelee kufunga?
Hapana, na siku hiyo usikae peke yako. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu. Sukari yaweza kushuka tena usiku umelala. Ukiwa unaimeza, nenda hospitali hata kama sasa unajiona mzima.

Nilifunga Ramadhani salama. Mbona hii iwe hatari?
Kwa sababu Ramadhani ulikula daku, na pengine daktari alikubadilishia saa za dawa. Huku unaruka kifungua kinywa, lakini kidonge cha asubuhi unakimeza saa moja kama ulivyozoea. Dawa inashusha sukari kwa saa tano hakuna chakula cha kuipokea. Hilo ndilo kosa tunaloliona kila mara, na tunaomba likome.

Nenda kliniki yako ya kisukari, iwe hospitali ya Makadara hapa Mombasa au zahanati ya mtaani kwenu, kabla ya kuanza. Usijipunguzie dozi mwenyewe. Wala usiache sindano ya insulini kwa kuwa hujala: mwenye kisukari cha aina ya 1 akifanya hivyo, damu huingia asidi na anaweza kufa. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi cha hatari, lakini uliza vilevile.

Nani asijaribu kabisa?
Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, mwembamba kupita kiasi, na aliyewahi kujinyima chakula hadi akaugua.

Mtu akizimia nyumbani tufanye nini?
Msimtie chochote mdomoni, si soda, si asali, si maji. Kitaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu, mfunguliwe nguo shingoni, mkimbizeni hospitali kwa gari au tuktuk iliyo karibu. Bebeni dawa zake zote, na mwambieni daktari mara moja kwamba alikuwa amefunga na saa aliyokula mara ya mwisho.